Siagi Kwenye Bia Nyeusi

Kiwandani walimwita Pua, na hata mkewe, siku akiwa na furaha, alimwita hivyo hivyo. Jina halikutokana na ukubwa wa pua yenyewe, ambayo ilikuwa ya kawaida tu, bali na kazi iliyokuwa ikifanya. Kwa miaka ishirini na sita hakuna bia iliyotoka kwenye kiwanda kile kidogo bila kupita kwanza chini yake. Pua aliinamia glasi, akavuta pumzi fupi mara mbili, akasema tangi la nne halikusuuzwa vizuri, na wakienda kuangalia wanakuta kweli. Watu wa ofisini walitaniana kwamba ukigombana na mkeo ukalala na shati la jana, ni heri upite mlango wa nyuma, maana mzee atajua kabla hujamwamkia.

Bia alizotengeneza zilikuwa nne, lakini moyo wake ulikuwa kwa moja: laga nyeusi, kali, ya mtindo wa Kijerumani, ile ambayo Wajerumani wenyewe huiita bok. Waliipika mara moja tu kwa mwaka. Wengi wakiona ule weusi walidhani ni chungu, au nzito kama uji, na yeye hakuchoka kuwasahihisha. Akimfundisha mtu kuionja alianza kwa kumkataza kunywa. Kwanza inua glasi kwenye mwanga, uone kwamba siyo nyeusi hata kidogo. Pembeni ina wekundu wa kaa linalokaribia kuzimika. Halafu ishike kwa viganja viwili ipungue ule ubaridi, maana bia ikiwa baridi sana inafunga mdomo, haikwambii kitu. Ndipo unuse. Utakuta ganda la mkate uliotoka sasa hivi kwenye tanuri, nyuma yake sukari iliyoungua kidogo, na ukiwa na subira, zabibu kavu. Ukimeza, utamu unatangulia, uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unaufuata kuusafisha, na mwisho joto linashuka kifuani polepole, kwa sababu nguvu yake ni karibu mara mbili ya bia ya kawaida. Usiikimbilie, alikuwa akisema. Hiki ni kitu kilicholala kwenye baridi miezi mitatu, huwezi kukiamsha kwa funda moja.

Mwanafunzi wake bora alikuwa mdogo wa mkewe. Pua ndiye aliyemwingiza kiwandani, kwenye mstari wa kukagua chupa, na kwa kuwa waliitana shemeji mbele za watu, kiwanda kizima kikamwita binti huyo Shemeji, hata wasiokuwa na undugu naye hata wa mbali. Siku moja msichana huyo alipita karibu na magunia ya kimea akasema gunia moja limelowa. Halikuonekana limelowa. Walipolifungua, katikati kulikuwa na ukungu. Tangu siku hiyo Pua hakumwacha. Miaka tisa alimfundisha, glasi kwa glasi, mpaka wakawa wanatazamana tu juu ya povu na kuelewana bila neno.

Mwaka aliotimiza hamsini na minane, Pua aliugua mafua yenye homa kali. Wiki mbili alilala. Alipopata nafuu akaenda kuoga, akaona sabuni haina harufu, akailaumu sabuni. Akaenda jikoni, akafungua kopo la kahawa, akaliinamia kama anavyoinamia glasi. Lingeweza kuwa kopo la vumbi. Akafungua siki, akakata kitunguu, akanusa mafuta ya taa chupani. Machozi ya kitunguu yalimtoka, lakini kitunguu chenyewe hakukisikia.

Daktari alimwambia kwamba mishipa ya fahamu ya puani imeumia. Huenda uwezo wa kunusa ungerudi, huenda usirudi, asubiri. Ulimi ulikuwa mzima, ungali ukijua tamu, chungu, chachu na chumvi, ila hayo manne ni kidogo sana. Bia yake nyeusi ilimfikia kama wimbo unaopigwa nyumba ya jirani: mapigo alisikia, maneno hakusikia.

Hakumwambia mtu. Mkewe aligundua mwenyewe, siku aliyotoka uani mbio akamkuta amekaa hatua mbili kutoka jikoni anasoma gazeti, na maharage yameshika chini ya chungu mpaka yameungua. Akazima jiko. Akamtazama.

"Tangu lini?"

"Tangu homa."

"Na kazini wanajua?"

Pua akakunja gazeti. Mkewe akamsihi aseme, na kama hawezi kumwambia meneja, basi amwambie mdogo wake, ambaye ni mtu wa nyumbani na hawezi kumwaibisha. Pua akakataa. Alisema pua itarudi, na ikirudi mtu hatakuwa amejua. Kisha akamtaka aape kwamba hatamwambia mdogo wake, na mkewe akaapa.

Kwa miezi mitatu alipiga chenga. Kwenye chumba cha kuonjea alimsukumia Shemeji glasi na kumwuliza, kwa sauti ya mwalimu, yeye anaona nini. Shemeji akisema, yeye anatikisa kichwa kukubali, akaandika. Wenzao wawili wa chumba kile waliona mzee anamwandaa mrithi, wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Sifa hizo alizimeza kama vidonge.

Ukafika wakati wa bok. Walipika, wakatia hamira, na siku hamira ilipokaribia kumaliza kazi yake Shemeji alimfuata kwenye matangi akiwa na glasi mbili. Moja aliitoa moja kwa moja kwenye tangi. Ya pili aliitumbukiza kwanza kwenye maji ya moto, kama alivyofundishwa, maana joto linafichua kasoro iliyojificha. Meneja alikuwa amesimama pale pale. Dakika chache kabla alikuwa ametania kwamba siku hizi Shemeji ndiye pua na mzee ni mwangwi tu. Wote walicheka. Pua alicheka pia, lakini lile neno lilimkaa kama mwiba.

Shemeji alisema bia inanuka siagi. Siyo ajabu, hutokea. Ukiiacha kwenye uvuguvugu siku mbili tatu zaidi, hamira yenyewe inaila ile siagi ikaisha. Ukiishusha kwenye baridi mapema, hamira inalala na siagi inabaki. Aliomba siku tatu tu.

Meneja akamgeukia Pua kumwuliza kama ni kweli.

Pua akashika glasi ya moto. Akainama, akavuta pumzi fupi mara mbili. Alihisi mvuke ukimgusa mdomoni. Hakukuwa na kitu kingine. Angeweza kusema wasubiri. Siku tatu hazikuwa kitu. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema hivyo, na jibu alilipata lile lile: kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akiitikia tu, na pale, mbele ya meneja, alitaka mara moja kuwa na neno lake mwenyewe.

"Hakuna siagi," alisema. "Ishusheni kwenye baridi."

"Nusa tena, shemeji," Shemeji alimwambia Pua kwa upole.

"Nimeshanusa. Wewe siku hizi unatafuta kasoro ili uonekane unajua."

Uso ukamshuka Shemeji. Akaweka glasi chini, akaondoka. Pua alijua kwamba Shemeji akibaki chumba cha kuonjea siri haitadumu, kwa hiyo wiki ile ile alimwambia meneja kwamba pua ya binti imechoka, inaona vitu visivyokuwepo, apumzishwe. Wakamrudisha kwenye mstari wa kukagua chupa, alikoanzia miaka tisa nyuma. Alikaa huko mwezi mmoja, akajikaza kisabuni, kisha akaandika barua ya kuacha kazi. Aliyeipokea ni Pua.

Bia ililala miezi mitatu. Walipoionja kabla ya kuwaita wateja, wale wenzao wawili walinusa, wakatazamana, wakamtazama yeye. Pua akasema ni nzuri. Wakaandika ni nzuri.

Siku ya kuifungua walikuja watu kama arobaini, wenye baa, wenye hoteli na wahudumu wao, wakakaa kwenye meza ndefu ukumbini mchana kweupe. Kila mwaka Pua ndiye aliyewaongoza kuionja, na kila mwaka walisema hakuna anayeongea kama yeye. Alisimama na glasi yake. Akawaambia wainue kwenye mwanga, wakainua. Akawaambia washike kwa viganja viwili, wakashika. Akawaambia wanuse, naye akaanza kuwaelezea: ganda la mkate, sukari iliyoungua, zabibu kavu zinazokuja mwishoni kama mgeni mwenye haya. Sauti yake ilikuwa nzuri siku ile. Alikuwa akikumbuka mwaka baada ya mwaka, na kwa muda alisahau kwamba anakumbuka tu.

Ndipo akaona kwamba hawamwangalii. Walikuwa wakiangaliana wenyewe. Mmoja alirudisha glasi mezani bila kunywa. Mwingine alinong'ona sikioni mwa jirani yake, na jirani akazuia kicheko.

Mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye baa ya siku nyingi ambaye wateja wake walimwita Mama Kaunta, akanyanyua mkono. Alikuwa akimheshimu Pua tangu zamani, na aliongea kwa kusitasita, kama mtu anayemwambia mwenzake nguo imechanika nyuma.

"Mzee, samahani. Umeionja hii, au unatukumbusha ya mwaka jana?"

Mama Kaunta akaleta glasi yake mwenyewe mpaka mbele, akampa. Pua akaipokea kwa mikono miwili. Aliinama akavuta pumzi, akavuta tena, ya tatu ikawa ndefu mpaka mabega yakainuka, watu arobaini wakimtazama. Meneja alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Sisikii kitu," Pua alisema. "Tangu ile homa sisikii kitu chochote."

Hakuna aliyemzomea. Mama Kaunta alimshika kiwiko akamkalisha, na wengine wakaanza kuongea juu ya mambo mengine kwa sauti za chini, kama watu walio msibani. Angeona afadhali wamzomee.

Bia yote ikaamriwa kumwagwa. Pua aliomba afungue bomba mwenyewe, na meneja, asiyejua tena amwambie nini, akamruhusu. Ilichukua asubuhi nzima. Bia nyeusi ilitoka ikienda kwenye mfereji, povu lake la rangi ya kahawia likapanda mpaka kwenye mabuti yake ya mpira. Waliokuwa wakipita waliziba pua na kulalamika kwamba jengo zima linanuka kama jiko la keki. Yeye alisimama katikati ya harufu hiyo mpaka tangi likaisha, na hakuambulia hata chembe yake. Kabla ya wiki kwisha meneja alimwita akamwambia mambo mawili: kwamba apumzike nyumbani, na kwamba bok haitapikwa tena. Wateja walikuwa wamekwisha kuipa jina la siagi, na jina kama hilo halifutiki.

Alikwenda kwa Shemeji siku ya tatu baada ya hapo. Siku hizo Shemeji alikuwa akiuza vitambaa kwenye duka la mtaa wa pili, na alimkaribisha nyumbani kwake bila maneno makali, akamwekea kiti, akamtengea chai. Pua akasema yote, tangu sabuni mpaka ukumbini. Akasema alimkosea. Akasema angemwandikia meneja barua, arudishwe.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliposema naona vitu visivyokuwepo, niliamini," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha, ningembishia nani? Nilikwenda hospitali, shemeji. Nilimwambia daktari pua yangu ina ugonjwa, inanidanganya. Mpaka leo nikisikia kitu kinaungua naenda kwanza kuuliza jirani kama na yeye anasikia."

Pua hakuweza kuinua macho.

"Dada alijua?"

Pua akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuja kulia kwake," Shemeji alisema. "Alinishika kichwa mapajani mwake. Akaniambia nivumilie, labda kweli nimechoka."

Akainuka, akatoa kikombe ambacho mgeni hakukigusa, akakiosha. Alipomaliza alibaki amesimama akimpa mgongo, mikono ndani ya beseni, na Pua akaelewa kwamba wakati wa kuondoka umefika. Barua aliiandika. Meneja akamwita Shemeji, na Shemeji akajibu kwamba anashukuru, ila kazi ya kunusa haiwezi tena.

Kwa dada yake hakukanyaga tena. Mkewe Pua alikwenda kwake mara mbili, akarudi mara mbili na kile alichombebea mdogo wake, akakipanga kabatini. Hakumlaumu mumewe. Kiapo alikula mwenyewe kwa mdomo wake, alisema, na hiyo ndiyo kauli ya mwisho waliyoongea juu ya jambo hilo.

Daktari naye akaacha kusema asubiri. Pua alikaa nyumbani. Mchana alisogeza kiti jikoni, kwa kuwa palikuwa na joto na mtu wa kukaa naye, na mwanzoni mkewe, akikoroga sufuria, alimwambia kinachotokea humo: sasa vitunguu vimeanza kuwa vyekundu, sasa mkate unaiva, harufu yake imefika mpaka barazani. Alisema polepole, kama anayemsomea kipofu barua. Pua alifumba macho akajaribu kuvipata, akavikosa, akamshukuru. Wakaendelea hivyo wiki kadhaa. Siku hizi hamwambii tena, na yeye haulizi.