Kiapo cha Bragi juu ya Nguruwe

Iduni alikuwa amechoka kuokota nywele nyeupe. Asubuhi alizikuta kwenye mto, mchana kwenye uji wa shayiri, jioni zimenasa kwenye nyuzi za kinubi. Mwenye nywele zake, mumewe Bragi, alikaa karibu na moto akitafuta neno.

"Limepatikana?"

"Karibu, mke wangu."

Karibu hiyo ilikuwa na umri wa mwaka mzima. Katika karamu ya majira ya baridi yaliyopita, nguruwe dume alipoletwa ukumbini ili watu waape juu yake, Bragi, pombe ya asali ikiwa imeshamkolea, aliweka mkono kwenye manyoya yale magumu na kuapa kwamba hataonja tufaha mpaka amalize utenzi wa kumsifu Odini, mkuu wa miungu. Ukumbi mzima ulishangilia. Iduni peke yake alishika kichwa. Pale Asgadi, makao ya miungu, kiapo cha nguruwe hakirudishwi, hata kama kesho yake mwenye kuapa hakumbuki alichosema. Na ni matufaha ya Iduni tu yanayowazuia miungu wasizeeke. Asiyeyala huzeeka kama mtu yeyote, na hufa kama mtu yeyote.

Basi Bragi akatunga. Ubeti wa kwanza aliuvunja asubuhi na kuujenga jioni, kesho yake akauvunja tena. Iduni alimbembeleza, akamnunia, akaficha kinubi, akakirudisha. Alipowaomba miungu wenzake wamhimize, Thori alimwambia utunzi hautaki haraka, huku akimeza tufaha lake na kujipangusa ndevu nyekundu. Loki naye alikuwa na lake.

"Muache, shemeji. Sasa hivi angalau anafanana na mtu mwenye akili."

Iduni alifunga kisanduku chake cha matufaha. Aliporudi nyumbani alimkuta Bragi amesimama mlangoni, ameshika mwimo, eti anaangalia hali ya hewa. Hakuwa akiangalia chochote. Kizingiti kilikuwa kimemshinda. Iduni akamshika kiwiko, wakavuka pamoja.

Karamu ikarudi, na nguruwe akaletwa. Iduni, ambaye hakuwahi kuapa hata mara moja, aliinuka akaweka mkono juu yake. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi:

"Sitaonja tufaha mpaka mume wangu aonje."

Thori alibaki na mfupa nusu ya njia kuelekea mdomoni. Kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba matufaha yale yakichumwa na mkono mwingine hunyauka hapo hapo. Iduni akizeeka, wote wamezeeka. Akifa, ndiyo basi.

"Shemeji," Loki alisema taratibu, "huo si utani?"

"Muulize nguruwe."

Hapo mabenchi yakaburutwa. Wale wale waliokataa kumhimiza walimzunguka Bragi kama kuku waliomwagiwa mtama. Thori alimpa maneno, yote yanahusu nyundo yake. Odini mwenyewe alimkazia jicho lake moja, akasema angeridhika na sifa fupi. Loki alipoanza kumpangia vina, Bragi alipandwa na hasira, akawaambia wanyamaze, akashika kinubi na kuimba utenzi wote. Ubeti wa mwisho aliutunga huku anauimba.

Kabla makofi hayajaisha, Iduni alishamtia tufaha mkononi. Bragi alipolitafuna, weusi ulianza kurudi kwenye mashina ya ndevu.

"Ule mstari wa mwisho," alisema, mdomo umejaa, "umekaa vibaya."

"Umekaa vizuri."

"Ningepata siku mbili tatu tu..."

"Bragi. Kula."

Alikula. Iduni naye akang'ata la kwake, halafu akamfuta maji ya tufaha kidevuni kwa ncha ya shuka. Unywele mmoja mweupe ulibaki umenata kwenye kidole chake. Aliutazama, akaguna, akautia kwenye kisanduku cha matufaha.