Kipande cha Godoro

Ukungu ulikuwa bado umelala shambani Marsela alipomgeuza mama yake. Alimshika begani na nyongani, akamvuta kwa mkupuo mmoja, maana ukivuta polepole ndiyo anaumia zaidi. Kisha akafungua kitambaa. Vidonda vilikuwa viwili, kila kalio na chake, vikubwa kama visahani vya chai. Aliviosha kwa maji ya chumvi. Sabuni haikuwepo. Mwaka ule hata kiberiti watu waliazimana.

Mama yake alianguka na mzigo wa kuni kwenye korongo la Daa, na tangu hapo miguu haikuwa yake tena. Alikuwa analala tu. Muuguzi wa misheni alisema kama si lile godoro la sponji, mwili ungekuwa umeoza mpaka mfupa.

"Anarudi leo huyo?" mama akauliza kwa Kiiraqw, uso ukiwa ukutani.

"Anarudi, aayo," Marsela akamjibu mama yake.

"Basi watakuondoa."

"Hawajasema."

"Wakisema utakuwa umeshaondoka," mama akasema.

Anayerudi alikuwa Antonia, karani mpiga chapa wa ofisi ya shirika pale Karatu, ofisi ya kununua ngano na maharage ya wakulima. Marsela alikuwa kibarua tu, aliyeshika nafasi yake alipokuwa hayupo. Barua ya rufaa ilisema Antonia anapelekwa ng'ambo kwa matibabu ya mgongo, kwa gharama ya shirika, tena kwa fedha za kigeni. Mgongo wake haukuwa na neno. Dereva aliwaambia watu wote kwenye mizani ya nafaka: Bwana Meneja amempeleka akaongezwe makalio. Huko wanapasua, wanatia kitu kama mpira, wanashona. Wazee waliokuja na magunia yao kutoka Baray walicheka mpaka wakakaa chini.

Marsela hakucheka. Mama yake aliombewa rufaa ya kwenda Moshi tu, siyo ng'ambo, na akaambiwa gari halina mafuta.

Ila kiti cha Antonia alikipenda. Alikaa mbele, dirishani, na wakulima waliokuwa wakimjua tangu anachunga mbuzi wakaanza kumwita karani. Jioni alifunika mashine ya chapa kwa kitambaa chake kama mtu anayemfunika mtoto. Akawa anaomba, na hakumwambia hata padri, kwamba huko ng'ambo madaktari wakosee kitu kidogo. Siyo Antonia afe. Akawie tu.

Landrova iliingia saa nne. Antonia alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, uso umeelekea walikotoka. Hivyo ndivyo alivyosafiri tangu Arusha. Alishuka mguu mmoja mmoja. Sketi ilikuwa mpya, ya bluu, na mle ndani ya sketi palikuwa na mtu mwingine kabisa. Wanaume kwenye mizani waliacha kazi. Gunia lililokuwa linapimwa likabaki linaning'inia.

Marsela aliangalia, akaumia. Yeye nyuma alikuwa bapa kama mlango, na hilo alikwisha kulizoea. Kilichomuuma ni kwamba yupo mtu anayekatwa kwa kupenda, mahali palepale ambapo mama yake anaoza bila kupenda, na huyo wa kupenda ndiye aliyepewa ndege.

"Dada Marsela," Antonia akasema, akitabasamu. "Umenitunzia kiti."

"Karibu. Kaa."

Antonia akakaa. Akainuka palepale kama aliyekalia kaa la moto, machozi yakiwa tayari machoni. Kiti kilikuwa cha mbao tupu.

Basi kazi ikagawanywa hivi: Antonia akasimama mbele, akapokea watu na mshahara; Marsela akapewa stuli stoo, katikati ya magunia matupu, akapiga chapa barua zote. Chini ya kila barua, mahali pa mpiga chapa, ziliwekwa herufi za jina la Antonia. Marsela hakunung'unika. Kila mara aliposikia mwenzake amejaribu kukaa na kuguna, alijisikia kama amekula akashiba. Akikaa huyu, mimi sina kazi hapa. Asipokaa, watanihitaji. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi kiasi hicho.

Meneja Bartolomeo naye alikuwa na hesabu yake. Alimwita Marsela ofisini mwake, akamwacha amesimama.

"Mama hajambo?"

"Hajambo kidogo, Ndugu Meneja."

"Godoro linamfaa?"

"Linamfaa sana. Nashukuru."

"Lilikuwa la mgao wa wafanyakazi, na wewe ni kibarua. Nilikupa mimi, wengine wakanuna. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

Meneja alimenya ndizi, akala nusu. "Mama yako mimi namjua. Si yule mfupi?"

"Ni mfupi."

"Mtu mfupi hamalizi godoro. Kuna mahali panabaki bure, huku miguuni."

Marsela alishaelewa, lakini akajifanya hajaelewa. "Ni visigino, Ndugu Meneja. Visigino vyake vikigusa kamba za kitanda vinachubuka."

"Visigino havipokei wageni." Akafuta mdomo. "Wakubwa wanakuja kutoka Dar. Nataka wakiingia wakute karani amekaa kama karani, siyo amesimama kama anasubiri basi. Sponji Karatu haipo. Arusha haipo. Nairobi mpaka umefungwa. Kwako ipo. Nisaidie hilo, na mimi suala lako la kuajiriwa kabisa nitalisukuma kwa mkono wangu."

"Na nikishindwa?"

"Kushindwa kukata sponji?" Meneja alicheka kweli, bila ubaya. "Nenda, Marsela."

Jioni hiyo alinoa kisu cha nyama. Kumbuka hakuwa mjinga. Alijua akipeleka kipande, Antonia atakaa, na Antonia akikaa stuli ya stoo haina maana. Alijua pia kwamba asipokipeleka hata stuli ataikosa. Kati ya njia mbili zinazoishia shimoni, alichagua ile iliyokuwa na ahadi mwanzoni mwake. Alikunja shuka upande wa miguu, akakata. Sponji ilikatika kwa shida, ikitoa vumbi la njano.

"Unakata nini?" mama akauliza.

"Kipande. Ni cha ofisini."

"Ofisi inaumwa?"

Marsela akaendelea kukata. Pale palipobaki wazi akashindilia maganda ya mahindi ndani ya gunia, akayapigapiga mpaka yakalingana.

Ofisini kile kipande kilishonewa kitambaa cha kaki. Mtunza stoo akakiandika kwa rangi nyeupe jina la shirika na namba, kama alivyoandika kila meza na kila ndoo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi: kitu kikilala ofisini usiku mmoja ni mali ya umma. Kikawekwa kitini. Antonia akashuka polepole, mikono juu ya meza, akakaa. Akafumba macho. Akapumua.

"Mungu akubariki, dada," akasema.

Wageni walikuja, wakamkuta karani amekaa. Mmoja alisimama dirishani pale muda mrefu kuliko shughuli yake. Ng'ombe alichinjwa. Walipoondoka, Meneja alimwambia Marsela kwamba kazi zimepungua, aende nyumbani, wakimhitaji watamwita.

"Na lile suala, Ndugu Meneja?"

"Lipo njiani. Usilisumbue."

Maganda ya mahindi hayakudumu. Yalivunjika, yakawa kama wembe. Visigino vya mama vikafunguka, kwanza cha kulia, kisha vyote viwili, na muuguzi alipoona akatikisa kichwa na kuuliza godoro limeliwa na nini. Marsela akachukua kikapu, akaenda kuomba kipande chake.

Getini alikuwapo Lomayani, mlinzi, Mmasai mzee kutoka Enguserosambu, mtu wa maneno machache na yote ya kuchokoza.

"Karani wa stoo," akasema. "Umekuja kununua maharage?"

"Nimekuja kwa kile kipande cha sponji, mzee wangu. Ni cha mama."

"Kile kina namba, binti. Kikipita geti hili mimi ndiye nitalala ndani. Wanatafuta wahujumu uchumi mwaka huu, na mimi hata baiskeli ya kuhujumia sina." Akakiangalia kikapu chake, akasogea. "Ila kuongea siyo mali ya umma. Pita. Meneja mwenyewe hayupo, amepanda Ngorongoro na wageni wengine."

Antonia alikuwa peke yake, amekaa. Uso ulikuwa umepauka na midomo imekauka. Marsela alisema maneno yake yote kwa mkupuo mmoja, visigino, maganda, muuguzi. Antonia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Nitakurudishia, dada Marsela. Nikipona tu, hata leo jioni. Lakini niambie nitapona lini. Wewe umezoea vidonda. Niangalie."

"Meneja hajaangalia?"

"Amesema hataki kuona mpaka pamepona." Antonia akainamia meza, akipandisha sketi. "Unadhani nilichagua mimi? Alichagua yeye, kwenye picha, kama mtu anayechagua trekta. Akaniambia kama sitaki, kiti kina watu wengi wanaokitaka."

Marsela alifungua bandeji. Ilikuwa bandeji ya kweli, nyeupe, laini, na kwenye droo iliyo wazi aliona nyingine zimepangwa, bado zimo ndani ya karatasi zake, pamoja na chupa za penisilini. Aliziangalia hizo kwanza. Nyumbani alikuwa amemaliza kuchana kanga yake ya mwisho.

Kisha harufu ikamfikia. Aliijua. Ilikuwa ndiyo ile ya kila asubuhi. Upande wa kushoto mshono ulikuwa umeachia, na kando yake nyama ilikuwa imegeuka rangi. Alibonyeza kwa kidole. Palikuwa pa moto, na pakatoa usaha.

"Pakoje?" Antonia akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Marsela alipiga hesabu. Akisema ukweli, Landrova itapata mafuta leo hii. Kutakuwa na barua nyingine ya rufaa na ndege nyingine, na Antonia ataoshwa na kushonwa upya na watu waliovaa nguo safi. Yeye ataitwa ashike nafasi. Halafu siku moja saa nne gari litaingia tena, na atasikia tena: umenitunzia kiti.

"Dada?"

"Panapona," Marsela akasema.

"Kweli? Mbona kunachoma?"

"Kidonda kikipona kinachoma. Pamekauka vizuri." Akafunga bandeji, akaikaza. "Wewe kaa tu. Ukikaa sana panazoea."

Antonia alianza kulia kwa furaha. Akajipangusa, akafungua droo, akamtilia bandeji mbili kikapuni. "Za mama," akasema. "Mwambie nampa pole." Marsela alizipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kama inavyopasa.

Alitoka nje. Hakwenda getini. Alisimama chini ya dirisha, mgongo ukutani, jua likimpiga usoni, mpaka akasikia kiti kimelia kwa uzito wa mtu, na mashine ikaanza, herufi moja moja, kisha kwa kasi. Ndipo akaondoka.