Makato Kwenye Mkono wa Gauni

Mama Pindo alikuwa na sauti ya kuwatosha watu kumi, na asubuhi hiyo aliimaliza yote kwa mtu mmoja.

"Mwezi wa tatu huu pesa hazitimii! Cherehani hazili pesa. Paka hana mfuko. Tumebaki mimi na wewe, na mimi sijiibii!"

Fundi Kimya, aliyeshona naye chumba kimoja miaka kumi na mmoja, hakuondoa mguu kwenye pedeli mpaka mshono ulipoisha. Kinyozi wa duka la jirani, aliyekuja kuchukua suruali yake, akajifanya anakagua dari.

"Umesema mimi mwizi?"

"Nimesema hesabu!"

"Hesabu haina jina. Umenitazama mimi."

Kinyozi akabeba suruali yake, akatoka kinyumenyume. Kimya akauviringisha mkasi wake kwenye kitambaa cheusi, akapiga fundo, akalikaza kwa meno. Mama Pindo akalitazama lile fundo. Fundi akifunga mkasi wake, kesho haji. Na yeye, pamoja na kelele zake zote, alijua magauni tu. Kola ya koti ikimwona inacheka. Lakini mdomo ulikuwa umeshawaka moto.

"Nenda!" akasema, huku moyoni anaomba asiende.

Kimya akaufuata msumari ukutani, zilipotundikwa karatasi za kukatia vitambaa, akaanza kuzichambua zilizo zake. Mama Pindo alikuwa ameacha kununua karatasi hizo tangu achukue mashine ya kupokea malipo ya kadi. Kila mwezi kampuni ya mashine ilimletea bahasha nene ya taarifa za makato. Naye, bila kusoma hata mstari, alibandika kurasa kwa gundi, hata zile za mkataba, akachora mikono, kola na mifuko. Karatasi ngumu, safi, za bure.

Kimya akasita. Akaisogeza dirishani karatasi ya mkono wa kushoto wa gauni.

"Dada, hebu soma mkono huu."

"Mimi si mpiga ramli."

"Soma!"

Miaka kumi na mmoja, hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Akasoma, kuanzia begani. Wateja wake walilipa kwa desturi ya mafundi, kwa mafungu matatu: siku ya vipimo, siku ya kujaribu, siku ya kuchukua. Gauni la elfu thelathini, kadi ilipitishwa mara tatu, elfu kumi kumi. Kila mara zilikatwa asilimia tatu, yaani mia tatu. Hiyo aliijua. Chini yake, kwa herufi ndogo kama kiroboto: ada ya kila malipo, mia tano. Mara tatu! Elfu mbili na mia nne kwa gauni moja. Alipofika kwenye kiwiko akakuta zipu ya elfu moja, imekatwa mia tano na thelathini.

"Zaidi ya nusu ya zipu!" akafoka. "Wameniachia meno ya upande mmoja!"

Akang'oa kola msumarini. Kodi ya mashine, elfu ishirini kila mwezi.

Akampigia simu shemeji yake, mume wa mdogo wake, wakala wa kampuni aliyemletea ile mashine. Shemeji akaja mbio, anatabasamu, akidhani ametafutiwa mteja mpya.

"Uliniambia asilimia tatu tu!"

"Ni tatu, shemeji. Mia tano si asilimia, ni ada. Uliniuliza asilimia."

"Kwa hiyo nisipouliza kama mbwa anauma, unaniachia aniume?"

"Imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa tisa."

"Ukurasa wa tisa tumeukatia mfuko wa suruali ya kinyozi! Chukua dude lako uondoke nalo!"

Shemeji akakohoa. "Kuvunja mkataba kabla ya miaka mitatu... nako kuna ada."

"Toka, kabla sijakushona huo mdomo!"

Shemeji akatoka, viatu vikimtangulia. Mama Pindo akachukua chaki, akaandika mlangoni kwa nguvu hadi ikavunjika: KADI MARA MOJA TU, SIKU YA KUCHUKUA NGUO. ZIPU NA VIFUNGO, PESA TASLIMU.

Alipogeuka, Kimya alikuwa bado amesimama na kifurushi chake kwapani.

"Mwizi tumempata," Mama Pindo akasema, sauti imepungua.

"Mwizi mmoja. Mwingine ulimtangaza mbele ya kinyozi."

Mama Pindo alijua maana yake. Kwa kinyozi, saa hizo, habari ilikuwa imeshapita vichwa vitano. Akaenda, kanda ya vipimo ikining'inia shingoni. Mteja mmoja alikuwa amenyolewa nusu.

"Nisikilizeni! Fundi Kimya hajaniibia hata sindano. Nimekatwa na mashine, na karatasi za kunionyesha nilikuwa nazo ukutani, nikazikatia mikono! Mjinga ni mimi. Anayetaka kucheka, acheke sasa."

Wakacheka. Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine ya kunyolea. Mama Pindo akasimama palepale, masikio yanawaka, akangoja wamalize.

Aliporudi, Kimya alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, hashoni. Kuta zilikuwa nyembamba. Kicheko chote kilikuwa kimemfikia. Akamsogezea kile kifurushi cheusi mezani.

"Fungua mwenyewe."

Fundo lilikuwa limekazwa kwa hasira ya mtu asiyesema. Mama Pindo akavuta kiti, akaanza kulifungua kwa kucha.