Magitaa ya Ubao Mmoja

Twaiba alipiga gitaa katika kikundi cha taarabu cha Msambweni, na gitaa lenyewe la umeme alilirithi kwa mjomba wake Jaafar, aliyekuwa mwanamuziki wa hoteli za Diani. Maisha yake yote marehemu alisema gitaa lile ni la mwaka wa sitini na mbili, wala hakuna aliyembishia.

Shingo ya gitaa ilipolegea, Twaiba alilipeleka Ukunda kwa Swabir, fundi wa vyombo vya muziki. Swabir alilipindua, akafuta bamba la chuma la mgongoni, akaisoma namba iliyochongwa pale. Kwa upole akamweleza kuwa herufi ya mwanzo ni alama ya kiwanda kilichoko Japani, tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, na zilizobaki ni zamu ya gitaa katika kuundwa. Hili liliundwa mwaka wa themanini na nne. Kampuni ilikuwa imelirudia umbo la gitaa lake la zamani, likafanana nalo hata kwa skrubu.

Twaiba alirudi nyumbani akihisi kama amemvunjia mjomba wake heshima. Lakini namba ile ilimkaa kichwani, hasa mwisho wake: mia nne na kumi na saba.

Baadaye kikundi kilialikwa harusini Jego. Chini ya turubai alimkuta mzee Abdulkadir, mpiga gitaa wa upande wa bwana harusi, akikaza nyuzi. Gitaa lake lilikuwa la rangi ya asali kama la Twaiba, mbao zikionekana chini ya vanishi. Twaiba akampa shikamoo, akamwomba ruhusa alitazame mgongoni.

Herufi ile ile. Mwaka ule ule. Mia nne na kumi na nane.

Aliirudia kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu. "Ami, gitaa hili umelipata wapi?"

"Baharia mmoja alinipa Mombasa, ningali kijana. Kwani vipi, mwanangu?"

Twaiba akamweleza. La Jaafar aliachiwa na mtalii wa Diani, wala Jaafar na Abdulkadir hawakupata kujuana. Abdulkadir akayalaza magitaa mkekani, ubavu kwa ubavu, na hapo wakaona jambo ambalo namba haikulisema. Mistari ya mbao ilitoka gitaa moja ikaingia jingine bila kupotea, na kifundo kilichopasuliwa na msumeno kilikuwa nusu huku, nusu kule.

"Subhanallah," mzee alisema taratibu. "Ni mti mmoja."

Wakakaa wakiyatazama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyatenganisha, mpaka akina mama wakatuma mtu kuuliza muziki uko wapi. Wakayachomeka yote mawili. Sauti ya kwanza ilipotoka, Twaiba alimtazama mzee, akamkuta amefumba macho.

Tangu siku ile Abdulkadir akialikwa harusi yoyote huuliza kwanza kama Twaiba atakuwepo.