Kidole au Kiganja

"Rudia, mwanangu," alisema Bi Mwanamkisi kutoka kitanda cha hospitali, Mombasa, na uso wake ukavunjika miraba miraba kwenye skrini.

Nadra akarudia. Sauti ilifika salama, picha haikufika. Chumba cha pili Bwana Owen, meneja, alikuwa katika mkutano wa video na wenye meli, na mkutano ule ulikuwa umeumeza karibu mtandao wote. Ndivyo Nadra mwenyewe alivyopanga. Yeye ndiye mtunza mtandao wa kampuni hii ya shehena. Kasi ya mtandao inayofika kisiwani hapa, mbali na Mombasa, ni haba, na kanuni aliyoiweka ni moja: video za kazi zipite kwanza, za binafsi zipewe tone.

Wiki iliyopita Rufus, mlinzi wa mlangoni, alimwomba amwondolee kikomo japo kwa muda mfupi, amwone mwanawe aliyezaliwa Kisii. Nadra alikataa, kwa upole. Rufus akaitazama picha aliyojaaliwa, akacheka kicheko kikavu.

"Bi Nadra, huyu mtoto ana pua ama hana?"

Leo zamu imemrudia Nadra mwenyewe. Amemsomea Bi Mwanamkisi msahafu mzima ili apate ijaza, idhini ya kusomesha wengine; limebaki neno moja, *ta'manna* la Sura Yusuf. Neno hilo lina dhumma, alama ya irabu u, isiyotamkwa. Midomo hukusanywa kama ya mpuliza makaa, wala sauti haitoki: kipofu haipati, mwenye macho huiona. Na baada ya adhuhuri Bi Mwanamkisi atafanyiwa upasuaji wa moyo.

"Nataka kuiona kwa mato yangu," alisema mwalimu. "Siwezi kushuhudia nisichokiona."

Nadra alikwisha kugonga mlango wa Bwana Owen. Alipungiwa mkono asubiri. Akarudi, akaketi, akainuka, akaketi tena. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe. Kubonyeza mara moja tu, kikomo kingeondoka. Nafsi ikamnong'oneza: mwalimu ni mgonjwa, na jambo lenyewe ni la dini, nani atakulaumu?

Kupitia dirisha aliuona mgongo wa Rufus. Alikuwa ameisogeza simu yake karibu mno na uso, akiigeuza huku na huku.

Nadra akakiondoa kidole.

Akahamisha kiti penye mwanga, akaisogelea kamera, akasoma. Bi Mwanamkisi hasemi mwanafunzi anaposoma. Huinua mkono tu. Kidole kimoja, rudia. Kiganja wazi, umefika. Nadra alipolifikia neno aliikusanya midomo, akaishikilia, akaishikilia zaidi ya inavyopasa, ili picha ipate kupita katika ule upenyo mwembamba.

Magurudumu ya kitanda yakasikika, na sauti ya muuguzi ikisema wakati umewadia. Picha ikashtuka. Mkono wa mwalimu ukapanda, na papo hapo ukaganda: bonge la miraba ya kahawia juu ya shuka jeupe. Sauti nayo ikapotea.

Nadra aliita, "Rufus, tafadhali njoo unitazamie. Hiki ni kidole au kiganja?"

Rufus akaingia, akavua kofia. Akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa shati, akatazama tena, bila haraka, kama aliyekwisha kuizoea kazi hiyo.

Nyuma yake midomo ya Nadra ilikuwa ingali imekusanyika.