Utani wa Asheri

"Jina la baba?"

"Uweso."

"Umezaliwa wapi, mama?"

"Papa hapa Moa," Mastura akajibu.

Mwandikishaji, kijana aliyeletwa kutoka mbali, hakuinua macho. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha wapiga kura. Mastura alikuwa mtu mzima tangu zamani, ila kadi ya mpiga kura hakuwahi kuifuata. Mambo ya kura alimwachia marehemu mumewe. Lakini jana mwanawe Badru, dereva wa bodaboda, alikamatwa na watu wa uhamiaji barabara ya mpakani hana kitambulisho, akaambiwa ni mgeni. Mama alete kadi yake kabla ya jioni, la sivyo kijana atavushwa ng'ambo, kwa watu asiowajua.

"Kule mashamba ya mkonge nimeandikisha Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, wala sikuumwa kichwa," mwandikishaji akamwambia mwenzake. "Hapa watu wazima karibu wote Wadigo. Na Wadigo wako huku, wako na Kenya. Nitajuaje?" Akaigeukia foleni. "Nani anamfahamu mama huyu?"

"Mie!" Asheri akanyoosha mkono. Alikuwa Mbondei, muuza ndizi, mtani wa Mastura tangu ujana, maana Wabondei na Wadigo hutaniana. Kwenye maziko ya mumewe ndiye aliyejilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, mjane akacheka huku analia. "Namfahamu sana! Babu yangu alimwokota Kenya, akambadilisha kwa kapu la mihogo!"

Foleni ikaangua kicheko. Mastura naye, mdomo wake haujui kulala, akajibu kama alivyozoea: "Nawe ndiwe mhogo uliooza humo kapuni!"

Mwandikishaji hakucheka. "Kwa hiyo ni kweli, mama. Hukatai."

"Lahaula! Ni utani, mwanangu! Huyu mtani wangu!"

"Haki ya Mungu, bwana, nilikuwa namtania!" Asheri akapiga magoti. Watu wakazidi kucheka, wakidhani bado anaendelea. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na Mastura aliyaona hayo kwa macho yake, asiweze kuzuia lolote.

"Samahani, mama. Imeshasemwa mbele ya watu. Itabidi uende wilayani, wakuhoji."

"Na mwanangu?"

Mwandikishaji akamwita anayefuata.

Nje, jua lilikuwa limeshainamia upande wa mpakani. Asheri akamfuata hadi barabarani, kofia mkononi, machozi yanamtoka bila haya.

"Mtani, nitukane," akasema. "Niite mwizi wa majeneza. Niite lolote, nakuomba."

Mastura akakaza kanga kiunoni. Akashika njia ya mpakani kwa miguu, na Asheri nyuma yake, anasubiri kujibiwa.