Jicho la Mviringo

Ngwe, ngwe, kimya. Ngwe, ngwe, kimya.

Nyundo ililia karakanani nikiwa bado nanawa uso. Tangu cheche ilipomla dada jicho la kushoto, hakuna aliyegusa fuawe yetu, na baba alishamwita mnunuzi aje kuichukua leo. Basi nani huyo anayefua?

Nilikimbia uani, povu la sabuni shingoni. Mlangoni nikasimama. Mbele ya moto kilisimama kichwa cha bati, hakina pua wala mdomo, ila kioo kimoja cheusi cha duara, na ndani yake moto ukicheza.

"Vukuta, wewe! Umeona jini?"

Ilikuwa sauti ya dada, ikitoka ndani ya kile kichwa. Nikaukamata mvukuto. Chuma kikatoka wekundu kikaelekea weupe, na baba akaingia, kiatu kimoja mguuni.

"Weka chini hiyo nyundo. Nilishasema."

"Baba, unajua mtaani wananiitaje? Saiklopi."

"Nani huyo? Nitamkata ulimi!"

"Mwache. Nililitafuta neno hilo nilipokuwa nimelazwa. Ni la Wagiriki wa kale, jina la majitu yenye jicho moja kwenye paji la uso. Lakini neno lenyewe halisemi moja, baba. Linasema jicho la mviringo. Na wako wanaodhani hadithi ilianzia kwa wahunzi, waliofunika jicho moja ili cheche zisiyamalize yote mawili."

"Wahunzi? Kama sisi?"

"Hata hayo majitu yalikuwa wahunzi. Yalifua radi."

"Radi!" Baba alikaa juu ya ndoo bila kuangalia kama ina maji. Ilikuwa nayo, wala hakuinuka. "Radi inafuliwa?"

"Kwa nyundo. Tazama."

Dada alitoa motoni pete ya chuma isiyofungwa bado, ncha zake mbili zikiwaka. Kwanza aliishusha nyundo taratibu mpaka ikagusa chuma, maana jicho moja halimwambii umbali. Kisha akaiinua, akapiga.

Karakana nzima ikawa nyeupe. Niliona kila msumari ukutani, kila uzi wa buibui darini, na uso wa baba ukiwa umelowa. Mimi mdomo ulikuwa wazi, na sikuona aibu.

Pete ilipopoa, baba aliigeuzageuza akitafuta kiungo cha zile ncha. Hakukiona.

"Chuma sina wasiwasi nacho," alisema. "Naogopa huo upande wako usioona. Cheche haibishi hodi, mwanangu. Hilo lililobaki likienda?"

Dada alivua kile kichwa cha bati. Akainama.

Nikauburuta mvukuto, majivu yakitimka, nikauweka kushoto kwake, nikasimama hapo.

"Baba, mwambie mnunuzi asije," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kila moto huu utakapowashwa, upande huu nitakuwepo mimi. Nakuahidi."